Jengo la Kijani na Pumzi ya Mpangaji

Tuanze na hesabu. LEED, mfumo wa Marekani wa kupima majengo ya kijani na ambao pengine ndio unaojulikana zaidi duniani, katika toleo lake la nne la mwaka 2013 hugawa pointi 110 kwa jengo jipya. Nishati peke yake ina pointi 33. Mazingira ya ndani, yaani hewa, mwanga, joto, kelele na kemikali za rangi na gundi, yana pointi 16. Ngazi ya Dhahabu huanzia pointi 60. Ukitoa 16 kwenye 110 zinabaki 94. Maana yake mwenye jengo anaweza kutimiza masharti machache ya lazima kuhusu hewa na moshi wa sigara, asitafute hata pointi moja ya ziada kwa ajili ya afya ya wanaokaa ndani, na bado akatundika cheti cha Dhahabu pale mapokezi.

Hakuna aliyedanganya hapo. Mifumo ya namna hii ilizaliwa na hofu ya nishati na tabianchi. BREEAM ya Uingereza ilianza 1990, LEED ikafuata mwishoni mwa muongo huo, na zote zilikuta sheria za nchi zao zimeshashughulikia mambo mengi ya msingi: ngazi za dharura, maji taka, uimara wa nguzo. Afya ikaingia kama nyongeza. Mwaka 2014 IFC, mkono wa Benki ya Dunia unaoshughulika na sekta binafsi, ikaleta EDGE kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Masharti yake ya mwanzo yalikuwa mepesi kuyashika: okoa angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 ya nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi. Benki inaielewa, mkadiriaji majenzi anaielewa, programu yake inatumika bila malipo. Ila mapafu ya mpangaji hayana mstari wake humo.

Mwaka huohuo 2014 ukaja WELL, ukisema waziwazi kwamba unapima binadamu. Toleo lake la pili lina mada 10, kuanzia hewa na maji hadi sauti, mwendo wa mwili na afya ya akili, na mpimaji huja na vifaa vyake baada ya jengo kukamilika. Hilo la kupima jengo likiwa limesimama ni jambo kubwa, nami nitalirudia. Lakini ukiusoma mfumo mzima unaona umeandikwa kwa kampuni yenye ofisi pana, kantini na idara ya rasilimali watu. Hauna la kumwambia mtu mwenye fremu ya duka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam.

Na fremu ndiyo jengo lenyewe, kwa hapa kwetu.

Kariakoo ilipata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye likawa eneo la Waafrika, nyumba za Kiswahili zimepangwa mstari kwa mstari kwenye viwanja vidogo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kuitenga na mji wa Wahindi na wa Wazungu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, ambayo katika mipango ya miji ya kikoloni ilikuwa nguo nzuri ya kuvalisha ubaguzi. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 nyumba zile zilianza kuvunjwa na maghorofa yakapanda kwenye viwanja vilevile, ukuta kwa ukuta na jirani. Chini maduka, wakati mwingine hadi andagraundi. Juu yake stoo. Juu zaidi ofisi, gesti au familia.

Mtu anayekaa muda mrefu kuliko wote ndani ya jengo kama hilo si mwenye jengo, wala msanifu aliyelichora. Ni kijana wa duka anayefungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 2 usiku, siku 6 au 7 kwa wiki. Ni mama aliyeajiriwa kupanga mabelo kwenye stoo isiyo na dirisha. Ni mtoto wa ghorofa ya 5 anayelala juu ya msongamano wa Msimbazi. Mwaka 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo, na kwa wapangaji wa juu hiyo ni habari ya usingizi kama ilivyo habari ya uchumi. Mfumo wa kupima usiojua watu hawa wapo utapima kitu kingine kabisa.

Chukua fremu moja ya kawaida: upana mita 3, kina mita 4, urefu wa kwenda juu mita 3. Hiyo ni hewa ya mita za ujazo 36. Mlango wa kioo umefungwa kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi. Ndani wapo wauzaji wawili na wateja wawili. Mtu mzima anayefanya kazi nyepesi hutoa takribani lita 18 za hewa ukaa kwa saa, hivyo wanne hutoa lita 72. Zikichanganyika na ile hewa ya mita 36, kiwango kinapanda kwa sehemu 2,000 kwa milioni kila saa, kama hakuna hewa mpya inayoingia. Nje kiwango ni kama 420. Ndani ya nusu saa fremu imeshavuka 1,400. Mlango ukifunguliwa mara kwa mara kinashuka, ukitulia kinapanda tena.

Hewa ukaa kwa viwango hivyo haiui mtu. Kazi yake hapa ni ya kipimo: inaonyesha ni kiasi gani cha hewa unayovuta kimeshatoka kwenye mapafu ya mwenzako. Chumba kikibaki karibu na sehemu 1,000 kwa milioni, maana yake kila mtu anapata kama lita 8 au 9 za hewa mpya kwa sekunde, na viwango vingi vya ofisi huangukia jirani na hapo. Kikikaa 2,000, hewa mpya ni kama lita 3 tu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wa mwaka 2015 uliwaweka wafanyakazi 24 katika ofisi moja huko Syracuse, Marekani, na kubadilisha hewa siku hadi siku bila kuwaambia. Siku za hewa nyingi na kemikali chache, alama zao katika majaribio ya kufikiri na kuamua zilikuwa karibu maradufu ya siku za kawaida. Anayehesabu chenji na kukagua noti kwa saa 12 ana haja ya akili hiyo kuliko watu wengi wa ofisini.

Kuna kosa dogo la kiufundi linalosumbua mji mzima. Kiyoyozi cha ukutani, kile cha vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje, hakileti hewa kutoka nje. Kinazungusha hewa ileile, kinaipooza na kuikausha, basi. Bomba linalopita ukutani limebeba gesi ya kupoozea na maji yanayodondoka kichwani kwa wapita njia. Wapangaji wengi hudhani kipande cha nje kinavuta hewa safi, na sioni ajabu, maana hata baadhi ya michoro ya majengo imeandaliwa kana kwamba ni hivyo. Ukiweka kiyoyozi bora kabisa, kinachokula umeme kidogo, unapata pointi za nishati. Ukiziba nyufa za dirisha ili ubaridi usitoroke, unapata nyingine. Kila hatua ya kijani imepunguza pumzi ya aliyemo.

Ndiyo maana nasema vigezo vya afya visiuzwe kwa pointi. Pointi ni soko: unakosa hapa, unafidia pale, paneli za jua zinalipia dirisha lisilokuwepo. Hewa ya kuvuta iwe lango. Jengo lisilopita hapo lisipimwe kingine chochote.

Waliotutangulia walilijua hili bila vyeti. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani 1897, ilipewa dari za juu na varanda pana zinazotazama bahari. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na baraza mbele, ukumbi unaopenya katikati hadi uani, vyumba pande mbili, na uwazi kati ya ukuta na paa. Moto wa kupikia ulikaa uani, si chini ya pua za waliolala. Soko la Kariakoo lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, ni miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo. Hewa inapita chini yake kutoka upande hadi upande, na mvua inayoanguka juu inateremshwa kwenda kuhifadhiwa. Kwa hesabu ya leo ni jengo la kijani, nalo lilijengwa miaka 15 kabla ya BREEAM kuwepo.

Ushahidi wa faida ya ujenzi wa namna hiyo tunao, ingawa umetoka mbali. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya wodi na vyumba vya hospitali za Lima, Peru, mji wenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kama nchi yetu. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika yote takribani mara 28 kwa saa. Vyumba maalumu vya kutenga wagonjwa, vyenye mashine za bei kubwa, vilikuwa vinabadilisha mara 12. Na majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yaliyashinda ya kisasa kwa mara 40 dhidi ya 17. Fremu si wodi, lakini kifua kikuu kinachohitaji hewa iliyotuama na watu wanaokaa pamoja muda mrefu hakiulizi kama mahali hapo pana leseni ya biashara au ya tiba.

Basi tufungue madirisha yaishe? Ingekuwa hivyo, makala hii ingekuwa fupi.

Kwanza dirisha lenyewe. Dirisha la alumini la kusukuma, ambalo limeenea mji mzima, hata ukilifungua lote nusu yake inabaki kioo. Luva za zamani zilifunguka karibu zote. Mfumo wa kupima unapaswa kuhesabu tundu linalopitisha hewa, si ukubwa wa fremu ya dirisha, na uangalie kama upande wa pili wa chumba kuna njia ya kutokea. Upepo wa kusi ukigonga chumba chenye mlango mmoja na ukuta mtupu nyuma, hauingii.

Halafu kuna kilichoko nje. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliteremsha kiwango kinachopendekezwa cha chembe laini za moshi na vumbi, zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu, hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Mtaa wenye malori yanayoshusha mzigo, bodaboda, na jenereta zinazowashwa kila umeme unapokatika hauko karibu na kiwango hicho. Mifumo ya Ulaya na Marekani inajibu kwa kudai vichujio kwenye mitambo mikubwa ya hewa. Jengo la Kariakoo halina mtambo huo. Linaloweza ni kuvuta hewa kutoka juu, au upande wa uani, badala ya usawa wa barabara, na kupiga marufuku jenereta kutoa moshi kwenye ule uwazi wa ndani unaotegemewa na madirisha ya vyoo na vyumba. Sharti hilo moja lingefanya kazi kuliko ukurasa mzima wa vichujio.

Na kuna mbu. Hapa mifumo ya nje haijui hata pa kuanzia. LEED na EDGE zote zinamtambua anayevuna maji ya mvua, na ni sawa, maji yetu ni ya mgawo. Lakini tangi la juu ya paa lisilofunikwa vizuri, beseni chini ya kiyoyozi na bati lililobonyea ni mazalia ya mbu wa Aedes, na Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi 2014 na 2019. Mbu huyo anauma mchana. Chandarua kinakulinda usiku ukiwa nyumbani Mbagala, hakikulindi saa 10 alasiri ukiwa dukani. Pointi ya kuvuna maji itolewe kwa tangi lenye mfuniko na wavu tu, na ikaguliwe masika na vuli, msimu kwa msimu. Wavu wa madirishani nao una gharama yake: unapunguza upepo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo dirisha lenye wavu lazima liwe kubwa zaidi. Huko Mtwara kumejengwa nyumba 110 za majaribio zenye ghorofa na kuta za wavu, na watafiti wakawafuata watoto wanaoishi humo kuona kama malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa yanapungua. Ni nyumba za vijijini, haziwezi kuhamishiwa Mtaa wa Aggrey. Ila swali waliloliuliza ndilo sahihi: waliohamia humo wameumwa kiasi gani?

Joto nalitengea aya moja tu, maana jawabu lake liko tayari. Kiwango cha Marekani ambacho LEED yenyewe hukitumia kuhusu joto la ndani kimekubali tangu 2004 kwamba watu wa majengo yenye madirisha yanayofunguka huzoea hali ya nje. Chukua kanuni yake, weka wastani wa nyuzi 28 wa Februari ya Dar es Salaam: joto linalofaa linatoka nyuzi 26.5, na watu 8 kati ya 10 wataridhika hadi nyuzi 30. Panga boi linaongeza kama nyuzi 2 juu yake. Unyevu wetu unapunguza raha hiyo kidogo, sikatai. Lakini kiyoyozi kilichowekwa 18 huku muuzaji amevaa sweta hakina utetezi wa kisayansi wala wa kibiashara. Kipimo cha maana kwa mji wetu ni kingine: umeme ukikatika saa 8 mchana, chumba hiki kinakalika kwa saa ngapi kabla watu hawajatoka nje? Jengo la vioo lisilo na dirisha la kufunguka lina jawabu fupi.

Sasa jambo ambalo mifumo ya nje inalichukulia kuwa limekwisha. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa zaidi ya 10 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Julai 2021 Soko la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaanguka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara ndani, wakafa watu zaidi ya 25, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo zima. Walioshuhudia walizungumzia uchimbaji uliokuwa ukiendelea chini ya jengo. Kwa mji huu, afya ya mkaaji inaanza kwenye nguzo na ngazi. Cheti cha kijani kisitolewe bila ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa kuhusu jengo kama lilivyo leo, si kama lilivyochorwa. Na kiwe na haki ya kufutwa siku mabelo ya nguo yatakapokutwa yamejazwa kwenye ngazi ya dharura, au siku andagraundi mpya itakapochimbwa chini ya wapangaji.

Neno "leo" ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mabadiliko ninayoyapendekeza. Vyeti vingi hutolewa kwa mchoro na hesabu za kompyuta, na mchoro hudhani fremu moja ina watu wawili. Mwaka mmoja baadaye fremu imegawanywa kwa ubao na jipsamu kuwa tatu, kila moja na mpangaji wake, na dirisha limebaki kwa mmoja. Upimaji urudiwe jengo likiwa limejaa, siku ya kazi, wiki moja ya Februari na wiki moja ya masika madirisha yanapofungwa. Kipima hewa ukaa si kifaa cha ajabu tena. Bei yake haifiki kodi ya mwezi ya fremu nyingi za barabara kuu. Chuo Kikuu cha Ardhi kina wanafunzi wa usanifu na wa uhandisi wa mazingira wanaoweza kuifanya kazi hii kama mafunzo. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, ina mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, na fremu ni mahali pa kazi. Halmashauri ya Jiji inatoa kibali cha ujenzi. Hakuna haja ya kuunda chombo kipya. Wenzetu wa Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya wameshaandaa kipimo chao wenyewe, Safari Green Building Index, na si dhambi kuazima kwa jirani aliye kwenye joto na mvua kama zetu.

Ugumu wa kweli uko kwenye pesa. Anayelipia cheti ni mwenye jengo, na anachovuna ni umeme mdogo wa maeneo ya pamoja, mkopo nafuu, na sifa. Anayevuta hewa ni mpangaji, aliyelipa kodi ya miezi 6 au 12 mbele, pengine na kilemba juu yake, na asiye na nguvu ya kudai dirisha. Bila kulikata fundo hili, vigezo vizuri vitabaki kwenye makongamano ya hotelini. Njia mojawapo ni kubandika vipimo mlangoni mwa jengo, karibu na lifti, hewa na joto vya wiki iliyopita ghorofa kwa ghorofa, ili dalali anapomleta mpangaji mpya pawe na jambo la kujadili zaidi ya bei. Nyingine ni kuanza na majengo yenye mwenye nyumba wa umma. Shirika la Masoko ya Kariakoo linaweza kuweka vipima hewa kwenye vizimba vyake, hasa sehemu za chini, bila kumsubiri mwekezaji yeyote, na hapo tungejua pia kama miavuli ya Amuli inafanya kazi kama tunavyoisifia.

Zitabaki zile fremu za andagraundi na za katikati ya jengo ambazo hazigusi ukuta wa nje popote. Hizo hakuna dirisha litakaloziokoa. Zinahitaji feni ya kutoa hewa na bomba linalopanda hadi juu ya paa, lisiishie kwenye korido ya jirani, na umeme wake usomwe kwenye mita ya mwenye jengo, maana ukiwekwa kwenye luku ya mpangaji utazimwa wiki ya kwanza.